Mgongo umeshika: jinsi ya kuurudisha kazini hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila wiki. Nilale siku ngapi? Nivae mkanda? Nikapige MRI, ile picha ya ndani ya mgongo? Na hili la mwisho, ambalo huja na sauti ya kukata tamaa: mbona nilikuwa nimeshapona, nikafua nguo siku moja tu, nikarudi nilikotoka?

Hilo la mwisho ndilo zito. Kwa miaka niliyofanya kazi ya mazoezi tiba nimeona kwamba siku mbaya haiwaharibii watu sana, kwa sababu siku hiyo kila mtu hujichunga bila kuambiwa. Siku nzuri ndiyo inayowatonesha. Unaamka huna maumivu, unakumbuka kazi zote zilizolala wiki mbili, unazimaliza zote kabla ya jua kuzama. Kesho yake unasimama kwa kushika ukuta. Mwongozo huu nimeupanga ili siku nzuri isikuponze.

Unamfaa mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno au mgongo wa chini yaliyoanza baada ya kunyanyua kitu, kuinama vibaya, kukaa mno, au hata bila sababu inayoeleweka. Kama umefanyiwa upasuaji wa mgongo au umevunjika mfupa, fuata mpango wa daktari aliyekutibu, siyo huu.

Kabla ya yote: dalili za kukimbilia hospitali

Usianze zoezi lolote kama una mojawapo ya hizi:

- Ganzi sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa, au ndani ya mapaja. Yaani pale panapogusa kiti cha baiskeli.
- Mkojo umegoma kutoka, au mkojo na haja kubwa vinatoka bila wewe kujua.
- Miguu yote miwili inaishiwa nguvu, au mguu mmoja unazidi kulegea hadi unauburuta.

Hizo tatu ni za leo, si za kesho asubuhi. Huenda neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na hapo saa zina maana. Usione haya kumtajia daktari habari za choo na sehemu za siri. Ndizo anazotaka kuzisikia.

Nyingine zinataka umwone daktari kwanza hata kama si za dharura ya saa hiyo: homa pamoja na maumivu ya mgongo, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani, maumivu ya usiku yasiyotulia kwa mkao wowote, kuanguka au ajali, au umri mkubwa pamoja na mifupa dhaifu. Waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu nao wapimwe mifupa kabla ya kuanza. Mjamzito aongee na mkunga au mtaalamu wa fiziotherapia (yaani mazoezi tiba), kwa sababu baadhi ya mikao iliyo hapa haimfai.

Kama huna hata moja, una bahati ya walio wengi. Maumivu mengi ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki 6.

Vitu vya kuandaa

Mkeka au blanketi nene lililokunjwa, ulitandike sakafuni. Kitanda laini hakifai kwa mazoezi haya, kiuno huzama. Mito miwili. Kiti kisicho na magurudumu. Mpini wa ufagio. Chupa au madumu ya kujazia maji, utayahitaji hatua ya 6. Saa.

Na daftari. Watu hulidharau daftari kuliko kifaa kingine chochote, halafu wiki ya tatu wananiuliza kama wanaendelea vizuri, nami nawajibu kwamba sijui kama na wao hawajui. Kila asubuhi na kila jioni andika mambo matatu tu: maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, yameishia wapi (kiunoni, kwenye kalio, pajani, kwenye shavu la mguu, au unyayoni), na leo umetembea dakika ngapi.

Kuhusu dawa sitasema mengi. Ukihitaji kitu cha kukuwezesha kusogea, muulize mfamasia, na mweleze kama una vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, presha, au ujauzito, maana dawa za aina ya ibuprofen haziwafai watu hao wote. Joto husaidia baadhi ya watu: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, dakika 15 hadi 20. Usilale nayo usingizi. Nimeona malengelenge mgongoni kwa watu waliokuja na tatizo moja wakaondoka na mawili.

Kanuni ya namba

Wakati wa zoezi, maumivu hadi 3 yanaruhusiwa. Yakifika 4 au 5, punguza ukubwa wa mwendo au idadi. Yakivuka hapo, acha. Kisha ngoja asubuhi. Kama umeamka ukiwa pale ulipokuwa jana au pazuri zaidi, kipimo cha jana kilikuwa sawa. Kama umeamka vibaya zaidi, leo fanya nusu ya ulichofanya jana.

Hatua ya 1. Siku ya kwanza hadi ya tatu: tuliza, lakini usijizike kitandani

Lala chali sakafuni, uweke mashavu ya miguu juu ya kiti, nyonga na magoti yakunjike kama pembe ya meza. Kaa hivyo dakika 10 hadi 15. Kama huwezi kushuka sakafuni, lala ubavu kitandani na mto katikati ya magoti. Ukitulia, inuka utembee kidogo hata kama ni hadi mlangoni na kurudi. Kulala mchana kutwa hukufanya uwe mkavu kama ubao, na misuli inalegea upesi.

Kutoka kitandani ndiko kunakowatoa watu machozi, kwa hiyo nitakwenda polepole. Usijikunje kuinuka kama unataka kuona vidole vyako vya miguu. Kunja magoti kwanza. Geuka ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo. Sogea hadi magoti yafike ukingoni. Sasa shusha miguu nje ya kitanda, na wakati huohuo sukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu inayoshuka ndio unaokupandisha; mgongo haukunjiki hata kidogo. Na toa pumzi unapoinuka. Wengi hubana pumzi hapo, na hapohapo misuli inashika.

Hatua ya 2. Tembea, kwa kipimo

Anza na dakika 5, mara 4 au 5 kwa siku, kwenye ardhi tambarare. Acha mikono ibembee. Anayetembea huku ameshika kiuno kwa mikono miwili anakaza misuli ileile anayotaka ilegee.

Geuka urudi kabla maumivu hayajapanda, siyo baada. Asubuhi ikiwa nzuri, ongeza dakika 1 au 2 kwa kila safari. Lengo ni kufika dakika 30 kwa mkupuo mmoja. Wengine hufika ndani ya wiki, wengine mwezi. Sijawahi kuona faida ya kushindana.

Hatua ya 3. Jua mgongo wako unapenda upande gani

Hapa ndipo mazoezi ya kuokoteza hushindwa. Zoezi lililomponya jirani linaweza kukuumiza wewe, kwa sababu mgongo mmoja hupata nafuu ukinyooshwa kwenda nyuma na mwingine ukikunjwa kwenda mbele.

Andika kwanza maumivu yako yameishia wapi. Kisha lala kifudifudi, mikono pembeni, dakika 2. Ikiwa sawa, jiinue juu ya viwiko, dakika 2 nyingine. Ikiwa bado sawa, weka viganja chini ya mabega, sukuma kifua juu huku nyonga zikibaki sakafuni na makalio yamelegea, kisha shuka. Fanya mara 10.

Simama, tembea kidogo, ujiulize: maumivu yamehamia wapi? Kama yalikuwa kwenye shavu la mguu na sasa yako kwenye kalio, au yalikuwa kwenye kalio na sasa yako katikati ya kiuno, hiyo ni habari njema *hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kuliko mwanzo*. Maumivu yanayorudi kuelekea uti wa mgongo yanakuambia umepata upande wako. Fanya hivyo mara 10, kila baada ya saa 2 au 3 mchana.

Yakishuka kuelekea mguuni, acha. Jaribu upande wa pili: lala chali, vuta magoti yote mawili kuelekea kifuani kwa mikono, shusha, mara 10. Kisha ujiulize swali lilelile.

Upande huu wa kunyoosha nyuma uligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1956, huko Nyuzilandi, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alimwambia mgonjwa mwenye maumivu ya mguu alale kifudifudi amsubiri. Kichwa cha kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa. Mgonjwa akalala hivyohivyo, mgongo umepinda kwenda nyuma, na McKenzie aliporudi akitarajia malalamiko akaambiwa mguu umepata nafuu ambayo haukuwahi kuipata kwa wiki kadhaa.

Kosa la hapa ni kujaribu pande zote mbili siku ileile, mara nyinginyingi, ukitafuta uhakika. Utauchokoza mgongo na hutajua kilichouudhi ni kipi.

Hatua ya 4. Amsha misuli

Anza ukishaweza kutembea dakika 10 bila maumivu kuvuka 3. Mara moja kwa siku inatosha.

*Daraja.* Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni. Kaza makalio, inua nyonga hadi mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja. Hesabu 5, shuka. Mara 8 hadi 10. Ukihisi nyuma ya paja inabana, sogeza visigino karibu na makalio.

*Mkono na mguu.* Piga magoti na kuweka viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, shikilia sekunde 8 hadi 10, rudi, badili. Mara 5 kila upande. Zoezi hili linaonekana la kitoto hadi uweke kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kiuno. Nilimwekea kijana mmoja mwenye kifua kipana, mzoefu wa vyuma, na maji yakammwagikia kabla mguu haujanyooka. Alikuwa anaurusha mguu juu kama anapiga teke. Nikamwambia asukume kisigino nyuma kana kwamba anafunga mlango, mguu usipande juu ya usawa wa mgongo. Mara ya tatu maji yalitikisika tu. Ufundi wenyewe ni huo: mikono na miguu isogee, kiuno kikae kimya.

*Ubavu.* Lala ubavu, kiwiko chini ya bega, magoti yamekunjwa. Inua nyonga, shikilia sekunde 10. Mara 3 hadi 5 kila upande. Ikiwa bega linalalamika, simama uegemee ukuta kwa kiwiko badala ya sakafu.

Pumua muda wote. Na ongeza idadi ya marudio, siyo sekunde za kushikilia. Misuli iliyochoka huanza kudanganya, na ukidanganya unajifunza mwendo mbaya.

Hatua ya 5. Jifunze kuinama upya

Chukua mpini wa ufagio, ushike wima mgongoni ukigusa sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu ya makalio. Legeza magoti kidogo. Sasa peleka makalio nyuma kana kwamba unatafuta kiti gizani, kifua kikienda mbele. Mpini usiachane na sehemu hata moja. Ukiachana na kisogo, umeinamisha kichwa; ukiachana na makalio, umekunja kiuno badala ya nyonga. Mara 10, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima, mikono mitupu.

Simaanishi kwamba mgongo haupaswi kukunjika maisha yote. Umeumbwa kukunjika. Ila sasa hivi kiuno kina kidonda, na nyonga hazina. Waache wenye nguvu wafanye kazi.

Saa ya kwanza baada ya kuamka chunga zaidi. Usiku diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hunywa maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana asubuhi kiuno ni kigumu. Vaa soksi ukiwa umekaa na mguu mmoja juu ya goti la pili. Kuokota vitu na kufagia kungoje.

Hatua ya 6. Rudisha mzigo

Hapa ndipo siku nzuri inapowatega watu. Mimi mwenyewe, na ujuzi wangu wote, mgongo wangu uliposhika nilijitonesha siku ya 11 nikisogeza kabati ambalo lingeweza kungoja mwaka. Sikuwa na maumivu hata chembe asubuhi ile. Kutokuwa na maumivu hakumaanishi kwamba nguvu zimerudi. Maumivu hutangulia kuondoka, nguvu hufuata nyuma kwa wiki kadhaa.

Maji hurahisisha hesabu, kwa kuwa lita 1 ni kilo 1. Anza na kilo 2 au 3. Simama karibu, chombo kiwe kati ya miguu, inama kwa nyonga kama ulivyojifunza, kivute kigusane na mwili, inuka ukitoa pumzi. Mara 8, pumzika, mara 8 tena. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Asubuhi mbili mfululizo zikiwa nzuri, ongeza kilo 1 au 2.

Ongeza jambo moja kwa wakati mmoja. Ukiongeza uzito, usiongeze marudio. Ukianza kubeba kwa mkono mmoja, rudi kwenye uzito mdogo. Na ukiwa na mzigo mkononi, geuka kwa nyayo; usiache miguu imetazama huku na kifua kule.

Hatua ya 7. Kazi na michezo

Usingoje upone kabisa ndipo urudi kazini. Omba kazi nyepesi au saa chache, urudi mapema. Anayekaa kwenye kiti asimame kila baada ya nusu saa. Mkao wa kuchukiza kuliko wote ni ule uliodumu.

Kwa michezo, nataka kwanza uweze kutembea kwa kasi dakika 30, ufanye zoezi la mkono na mguu bila kumwaga maji, na unyanyue robo ya uzito wako mara 8, yote hayo bila asubuhi mbaya. Ndipo uanze na nusu ya muda uliokuwa ukicheza.

Na siku nzuri ikija, fanya kilichoandikwa kwenye daftari, siyo unachojisikia kufanya.

Mambo yakikwama

*Kulala kifudifudi kunauma mno.* Weka mto chini ya tumbo. Baada ya siku mbili tumia mto mwembamba, kisha uondoe.

*Ninapotembea miguu inakuwa mizito na kuuma, nikikaa au nikiinama mbele inatulia.* Kwa watu wa umri mkubwa hii ni kawaida pale njia ya neva ilipokuwa nyembamba. Acha mazoezi ya kunyoosha nyuma, tumia ya kuvuta magoti kifuani, jaribu baiskeli badala ya kutembea, na panga kumwona mtaalamu.

*Picha imeonyesha diski imechakaa.* Diski zilizochakaa huonekana kwa zaidi ya theluthi moja ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na kwa karibu wote wa miaka 80. Hata diski iliyochomoza mara nyingi husinyaa yenyewe kwa miezi. Kama huna dalili za hatari nilizozitaja mwanzo, picha hiyo haibadilishi hatua hata moja hapa.

*Mkanda je?* Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda. Mwenye nao aliyezoea kuuvaa kwa safari ndefu, sitamnyang'anya. Ila asiuvae wakati wa mazoezi.

*Mgongo unalia "ko" ninapojigeuza.* Kama hauumi, uache ulie.

*Siwezi kupiga magoti.* Zoezi la mkono na mguu lifanye umesimama, viganja ukutani.

*Wiki 6 zimepita na namba hazishuki, au ganzi ya mguuni haiondoki.* Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na uende na daftari. Ataokoa nusu ya muda wa maswali. Ukifika mahali ambapo unalazwa chini ya mashine kila mara, hupewi zoezi hata moja la kufanya nyumbani, uliza mpango ni upi.

*Ilipona, miezi mitano baadaye imerudi.* Hutokea kwa wengi, na haimaanishi umeharibu kitu. Rudi hatua ya 1. Mara hii zile siku tatu huenda zikawa moja. Fungua daftari la zamani uangalie ni upande gani uliokusaidia kwenye hatua ya 3, uanze na huo.